UZI: Muuzaji wa China anakwambia akaunti ya benki imebadilika. Kabla hujatuma pesa, pitia hapa

Mzee wa Seva

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nauleta kwa wanaoagiza mzigo nje na kulipa kwa T/T (kutuma pesa benki kwa benki): vigae, vipuri, vitenge, mashine, sola. Unawahusu pia mawakala wa forodha, watu wa hoteli na yeyote ambaye ofisi yake inatuma au kupokea invoisi kwa imeili. Kazi yangu ni kuhudumia mifumo ya ofisi ndogondogo hapa Dar. Siku hizi simu zinazonikosesha usingizi si za kompyuta kuingia virusi. Ni za pesa zilizokwenda kwa mtu asiyehusika, na ukifuatilia unakuta kila aliyehusika na malipo alifuata utaratibu wake wa kila siku.

Nitoe mfano wa mteja mmoja, jina tuliweke pembeni. Anaagiza vigae Foshan, na kiwanda chenyewe wanafahamiana miaka mingi. Asilimia 30 alishalipa, mzigo umekamilika, imebaki asilimia 70 ili aachiwe B/L, ile hati ya meli ya kuchukulia mzigo. Ikaingia imeili kutoka kwa yule dada wa mauzo wa kiwandani, ndani ya mazungumzo yaleyale, barua zote za nyuma zikiwa zimefuatana chini yake. Salamu zake zilezile, Kiingereza chake kilekile cha kukatakata, na picha za mzigo ukipakiwa. Chini kabisa kuna sentensi moja tu mpya: akaunti yetu iko kwenye ukaguzi wa mwaka, kwa mzigo huu lipieni akaunti ya Hong Kong iliyoko kwenye invoisi. Invoisi ina nembo ileile na muhuri mwekundu uleule. Mhasibu akaandaa malipo, mkurugenzi akasaini, benki ikatuma. Baada ya wiki dada wa Foshan akauliza mbona pesa haijaingia, meli inaondoka.

Nikaifungua ile imeili kwenye kompyuta, maana kwenye simu unaona jina la mtumaji tu, anwani yenyewe imejificha. Tuseme kiwanda kinatumia mfano.com. Barua ilitoka rnfano.com. Hiyo ni r na n zilizobanana zikawa kama m. Isome tena polepole, halafu fikiria mtu anayeisoma saa kumi na moja jioni kwenye kioo cha simu, foleni ya Ubungo iko mbele yake.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mwizi alikuwa amesajili pia domeni (lile jina la baada ya @) inayofanana na ya mteja wangu. Kwa hiyo dada wa Foshan naye alikuwa anapokea barua "kutoka Dar" zinazomwambia asubiri kidogo, benki inachelewesha dola. Pande zote mbili ziliamini zinaongea, kumbe kila mmoja anaongea na mtu wa katikati. Ndiyo maana hakuna aliyemshtua mwenzake kwa wiki nzima.

Aliyajuaje yote hayo? Alikuwa ndani ya sanduku la mhasibu. Wiki kadhaa nyuma mhasibu alipokea linki ya "faili lako la mzigo", akafika kwenye ukurasa unaofanana na wa kuingilia imeili, akaandika nywila. Faili halikufunguka, akaendelea na kazi. Mwizi akaingia, akatengeneza kanuni moja ndani ya imeili na kuipa jina la nukta. Nukta tu, "." Kanuni hiyo ilisema hivi: barua yoyote kutoka kiwandani yenye neno invoice, payment, bank au swift, iwekewe alama kwamba imeshasomwa, kisha ihamishiwe kwenye folda ya RSS ambayo hakuna binadamu anayeifungua. Halafu akakaa anasoma. Wezi wa aina hii wana subira, hawagusi kitu mpaka siku ya malipo makubwa.

Msidhani ni ushamba wetu. Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alisajili kampuni Latvia kwa jina la Quanta Computer, ambayo ni kampuni halisi ya Taiwan inayowauzia vifaa wakubwa wa teknolojia. Kati ya 2013 na 2015 akapeleka invoisi feki kwa Google na Facebook, na zikalipwa zaidi ya dola milioni 120. Akafungwa miaka mitano huko New York mwaka 2019. Mwingine ni Obinwanne Okeke wa Nigeria. Mwaka 2018 mkuu wa fedha wa Unatrac, kampuni ya Uingereza inayouza mitambo ya Caterpillar, alinaswa kwa ukurasa feki wa Office 365. Barua za kweli zikawa zinawekewa alama ya kusomwa na kufichwa kwenye folda nyingine, mtindo uleule wa ile nukta. Zikaondoka karibu dola milioni 11, na jamaa akapewa miaka kumi mwaka 2021. FBI wanapokea malalamiko zaidi ya elfu ishirini kwa mwaka ya wizi wa namna hii, na hasara iliyoripotiwa kwao mwaka 2023 pekee ilikuwa dola bilioni 2.9.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo watu wanatapeliwa mara ya pili, safari hii na wauza mifumo. Mwizi ana njia tatu, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Ya kwanza, anaandika imeili na kuweka anwani yako halisi kwenye sehemu ya mtumaji. Hilo linawezekana kwa sababu utaratibu wa kutuma imeili uliandikwa mwaka 1982, na waliouandika hawakuweka kitu cha kumuuliza mtumaji kitambulisho. Unaandika jina lolote, kama nyuma ya bahasha. Dawa yake ni rekodi tatu zinazowekwa kwenye DNS ya domeni yako (orodha ya mipangilio yake inayosomwa na seva za wengine): SPF inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako, DKIM inayotia kila barua sahihi ya kidijitali, na DMARC inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua iliyofeli hizo mbili. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekuwa wakali kwenye hili. Kwa Gmail, anayewatumia barua zaidi ya 5,000 kwa siku lazima awe nazo zote, na hata mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM. Wengi mnaolalamika kwamba invoisi zenu zinaangukia spamu, anzieni hapo.

Ya pili ni domeni ya kufanana, kama ile rnfano. DMARC yako haina uwezo nayo hata kidogo, kwa sababu ile ni domeni yake halali, ameinunua kwa pesa yake. Tena mara nyingi yeye ameziweka SPF na DKIM vizuri kuliko wewe.

Ya tatu ndiyo mbaya: yumo ndani ya akaunti yako au ya muuzaji wako. Barua inatoka kwenye anwani halisi, kwenye seva halisi, na sahihi zote zinapita. Hapa hata ukiikagua anwani herufi kwa herufi huoni kosa, kwa sababu kosa halipo.

Njia zote tatu zinaishia mlango mmoja: akaunti ya benki inabadilika. Mlango huo ndio wa kuuwekea komeo. Ofisi iwe na kanuni ya maandishi kwamba hakuna malipo kwenye akaunti mpya mpaka mtu apige simu kwa namba ambayo ofisi ilikuwa nayo KABLA ya barua hiyo. Usipige namba iliyoandikwa kwenye barua yenyewe wala iliyoko kwenye invoisi mpya. Usijibu kwa imeili kuuliza "ni nyinyi kweli?", maana mwizi atakujibu "ndiyo ni sisi, asante kwa umakini wenu". Nimeiona barua ya namna hiyo kwa macho yangu, tena imeandikwa kwa adabu sana.

Akaunti zenyewe za imeili mzifunge kwa uthibitishaji wa hatua mbili (nywila, halafu kitu cha pili cha kuthibitisha ni wewe), wote, kuanzia mkurugenzi. Nasema kuanzia mkurugenzi kwa sababu kila ofisi ninayoingia nakuta wafanyakazi wamewekewa na bosi amejisamehe. Kwenye webmail ya cPanel (paneli ya kusimamia tovuti na imeili za ofisi) ya bei poa, angalieni kama huduma hiyo ipo na imewashwa, na mkumbuke kwamba mara nyingi programu za simu zinazovuta barua kwa IMAP (njia ya kusoma imeili nje ya webmail) zinaingia kwa nywila peke yake. Mlango wa mbele una walinzi wawili, wa uani uko wazi. Kama biashara inapitisha malipo ya maana kwa imeili, mimi binafsi nawaambia wahamie Google Workspace, Microsoft 365 au Zoho, walipie. Kuna watakaokuja kubisha hapa, karibuni.

---

dogo_wa_Sinza

Mkuu umeandika madini. Lakini si waweke tu antivirusi ya kulipia? Sisi ofisini tunayo, inaskani mpaka imeili.

---

Mzee wa Seva

Dogo, antivirusi inatafuta faili baya. Ile imeili ya vigae ilikuwa na PDF safi na sentensi moja ya uongo. Hakuna programu itakayoskani ikajua kwamba kiwanda hakijabadilisha benki. Iacheni iwepo, ina kazi yake, ila mtu akikuuzia kama kinga ya wizi wa invoisi mwambie arudi kesho.

---

Dada Hesabu

Mimi ni mhasibu wa mwaka wa kumi na kitu, niseme ambalo mafundi huwa hamlisemi. Tatizo letu ni bosi. Bosi yuko Dubai, anatuma ujumbe: "Lipa hii leo, niko kwenye kikao, usinipigie." Nikipiga simu, namsumbua. Nisipolipa, mimi mzembe. Nikilipa na ikawa ya tapeli, nakatwa mshahara au natafutiwa makosa niondoke. Mwizi anaijua hofu hiyo kuliko mnavyojua nyinyi. Barua zao zote zina haraka na zina cheo.

Hiyo kanuni ya kupiga simu ni nzuri, lakini mhasibu wa kawaida hana ubavu wa kuisimamia kama hajaandikiwa.

---

Mzee wa Seva

Dada, shikamoo. Hapo nakuunga mkono asilimia zote.

Kuna kampuni ya Austria inaitwa FACC, inatengeneza vipande vya ndege. Mwanzoni mwa 2016 walitangaza kwamba wameibiwa karibu euro milioni 50, na njia ilikuwa hiyohiyo: mtu alijifanya mkurugenzi mkuu, akaandikia watu wa fedha kwamba kuna dili la siri, pesa itumwe. Ikatumwa. Kabla mwaka haujafika katikati, bodi ikamfukuza mkurugenzi mkuu mwenyewe. Wapelekeeni mabosi wenu stori hiyo, wataelewa kwamba kanuni inawalinda na wao.

Ninachofanya kwa wateja ni kumwandikia mkurugenzi barua ya nusu ukurasa, yeye anasaini, inabandikwa juu ya meza ya mhasibu. Inasema: mimi fulani sitatuma kamwe maagizo ya malipo ya haraka bila kupokea simu ya kuthibitisha, na mfanyakazi atakayekataa kulipa kwa sababu sikupokea simu hataadhibiwa. Iwe na sahihi na muhuri. Bosi asiyekubali kusaini karatasi hiyo, mhasibu wake atunze kila ujumbe anaotumiwa, kwa usalama wake mwenyewe.

Na mwandaaji wa malipo asiwe mwidhinishaji. Benki karibu zote zinakuwekea watu wawili kwenye mfumo wao wa mtandaoni ukiomba. Ofisi nyingi zinaomba, halafu tokeni zote mbili (vile vifaa vya kuidhinishia malipo) zinakaa kwenye droo ya mtu mmoja.

---

Dada Hesabu

😂😂 Droo ya kushoto, chini ya stepla. Umetupeleleza.

---

Kaunta Namba Tatu

Nafanya kazi benki, sitaji ipi. Niongezee upande wetu, maana mteja akishapigwa anakuja anatupigia kelele sisi.

Kwanza, kwenye muamala wa nje kinachoisukuma pesa mpaka mwisho kwa kawaida ni namba ya akaunti. Usitegemee kwamba kwa kuwa umeandika jina la kiwanda, benki ya huko italinganisha herufi na kukataa. Wapo wanaolinganisha, wapo wasiolinganisha.

Pili, ukigundua umetuma kwa tapeli, usianze kuandika imeili ya kulalamika. Njoo tawini au piga simu dakika hiyohiyo, useme neno "utapeli" waziwazi, na uje na kopi ya SWIFT (karatasi ya benki inayoonyesha pesa ilivyotumwa). Ukisema tu "nimekosea akaunti", ombi litakwenda kama kosa la kawaida, na benki ya huko inaweza kumwomba mwenye akaunti ridhaa ya kuirudisha. Sasa mwizi gani ataridhia? Ukisema utapeli, ujumbe wetu unabeba maneno hayo na wenzetu wana sababu ya kuizuia pesa wakati wanachunguza.

Tatu, wengi wanakuja wamechelewa. Wanagundua Ijumaa, wanafanya kikao cha ndani, wanatafutana ubaya nani alikosea, Jumatatu ndiyo wanakuja. Pesa haikusubiri kikao. Ilishagawanywa kwenye akaunti nyingine na kutolewa.

---

Mzee wa Seva

Kaunta, ubarikiwe. Hilo la kusema "utapeli" wengi hawalijui.

Kuthibitisha suala la muda: Julai 2024 kampuni moja ya biashara ya bidhaa huko Singapore ilipokea imeili ya "muuzaji" ikitaka malipo yaende akaunti mpya Timor Leste. Anwani ilitofautiana kidogo na ile halisi. Tarehe 19 wakatuma dola milioni 42.3. Tarehe 23 muuzaji wa kweli akasema hajalipwa, wakaenda polisi siku hiyohiyo. Polisi wakatumia utaratibu wa Interpol wa kuzuia malipo unaoitwa I-GRIP, na tarehe 25 ikathibitika kwamba dola milioni 39 zimezuiwa. Watu saba wakakamatwa na zaidi ya milioni mbili nyingine zikapatikana. Kilichowaokoa ni kwamba hawakukaa na aibu yao.

Kwa hapa kwetu, polisi nendeni, kitengo cha makosa ya mtandao kipo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Ila benki kwanza, polisi dakika inayofuata. Na ile namba 15040 ya TCRA ni ya kuripoti zile meseji za "tuma kwenye namba hii". Usitume huko habari ya T/T halafu ukakaa kusubiri majibu.

---

Mtwapa Kwetu

Hamjambo ndugu zangu wa Bara. Nawasoma kutoka Mombasa, mimi ni wa kutoa makasha bandarini. Kwetu huku mchezo huo umeshatugusa, ila ulikuja na mlango mwingine: laini ya simu. Mwenzetu mmoja alikuwa na hizo hatua mbili, kodi (namba ya kuthibitisha unapoingia) inakuja kwa ujumbe mfupi. Siku moja laini yake ikakata mtandao, akadhani ni hitilafu. Kumbe kuna mtu ameshaisajili upya kwenye kadi nyingine, kodi zote zinakwenda kwake. Kufika adhuhuri imeili imeingiliwa na wateja wanaandikiwa walipe kwengine.

Sasa nauliza, hatua mbili zina faida gani hapo?

Na nyinyi mlio Kenya mkumbuke, sheria ya data ya 2019 inataka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue kwamba data za watu zimevuja na zinaweza kuwadhuru. Sanduku la wakala wa forodha limejaa pasipoti, PIN za KRA (namba za mlipakodi) na nakala za vitambulisho vya watu. Si la kunyamaziwa.

---

Mzee wa Seva

Mtwapa, nakushukuru, hoja nzito. Kodi ya ujumbe mfupi ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini ndiyo ngazi ya chini kabisa. Tumieni programu ya kutoa kodi inayokaa kwenye simu yenyewe, Google Authenticator au ya Microsoft. Hiyo haifuati laini. Mtu akihamisha namba yako, kodi zinabaki mkononi mwako.

Hata hiyo ina mpaka wake. Siku hizi ukurasa feki unakaa katikati kati yako na Microsoft halisi. Wewe unaandika nywila, ukurasa unaipitisha. Wewe unaandika kodi, ukurasa unaipitisha papo hapo. Mfumo unakufungulia, na ile kuki inayoonyesha kwamba umeshaingia mwizi anaibeba. Hahitaji nywila tena wala kodi. Ndiyo maana kwa mkurugenzi na mtu wa fedha napendekeza funguo ya kuchomeka kwenye USB au passkey (ufunguo wa kidijitali) ya kwenye simu. Hizo zinaiangalia domeni yenyewe kabla ya kujibu. Ukurasa ukiwa feki, funguo inakataa hata kama wewe umeshadanganyika. Bei ya funguo mbili ukiilinganisha na kontena moja la vigae ni aibu kuijadili.

---

Fundi Mwenza

Mzee wa Seva umeeleza vizuri, ila kwenye DMARC naomba niwaonye vijana. Nimeona mtu anasoma mtandaoni, anaingia kwenye DNS ya mteja na kuweka p=reject (agizo la kukataa kila barua iliyofeli) usiku. Asubuhi invoisi zote zinazotumwa na programu ya mauzo zimekataliwa, kwa sababu programu ile inatuma kupitia seva ya kampuni nyingine ambayo haimo kwenye SPF. Fomu ya tovuti nayo imekufa. Mteja akadhani amehujumiwa.

Anzeni hivi, kwenye rekodi ya TXT ya jina _dmarc:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@mfano.co.tz

Hiyo p=none haizuii kitu, inaleta ripoti tu. Ziacheni zije wiki kadhaa. Mtaona kila seva inayotuma kwa jina lenu, mtashangaa: ya mishahara, ya jarida la masoko, hata skana ya ofisini. Zilizo halali ziingizeni kwenye SPF au ziwekeeni DKIM, ndipo mpande quarantine (iliyofeli iende spamu), baadaye reject. Ila msikae kwenye none miaka mitatu mkajisifu mna DMARC.

Na SPF ina kikomo cha kutafuta DNS mara kumi. Ukirundika include (rejea za seva za kampuni nyingine) za kila mtu inavunjika, na kimyakimya.

---

Mzee wa Seva

Nasaini chini ya kila neno. Ripoti zenyewe ni XML, zinachosha macho, tumieni huduma za kuzisoma, za bure zipo.

---

mama_konteina

Wanangu, mmeongea mpaka mmenipoteza. Mimi nina duka Kariakoo, natumia Gmail ya bure, na Mchina wangu tunaongea WeChat tu, imeili ni ya kutumiwa invoisi. Haya yananihusu? Mimi hata sauti yake naijua.

---

Mzee wa Seva

Mama shikamoo. Yanakuhusu, tena wewe uko pazuri kuliko wengi, kwa sababu tayari una njia ya pili ya kuongea naye. Invoisi ikija kwenye imeili, mpigie WeChat kwa ile akaunti ya siku zote, akusomee namba ya akaunti ya benki kwa mdomo wakati wewe unaiangalia kwenye karatasi ya mkataba wa zamani. Asomee yeye, usimsomee wewe akaitikia "yes yes". Na siku akikuandikia kwa akaunti mpya ya WeChat kwamba simu ya zamani imepotea, hapo simamisha kila kitu mpaka ofisi ya kiwanda ipokee simu ya mezani.

Gmail ya bure washa hatua mbili. Ukiifungua kwenye kompyuta, chini kabisa kulia kuna maneno ya shughuli za mwisho za akaunti. Bonyeza maelezo, utaona imefunguliwa kwa kifaa gani na kutoka nchi gani. Halafu ingia mipangilio, uangalie vichujio na sehemu ya usambazaji. Kukiwa na anwani usiyoijua pale, mwite kijana akusaidie.

Kuhusu sauti kuijua, mama, dunia imeharibika. Mwanzoni mwa 2024 mfanyakazi wa Arup, kampuni kubwa ya wahandisi, tawi la Hong Kong, alishuku imeili ya malipo ya siri. Akaitwa kwenye kikao cha video, akamwona mkuu wa fedha na wenzake kwa sura na sauti. Wote walikuwa wa kutengenezwa na kompyuta. Akatuma dola za Hong Kong milioni 200. Kwa hiyo sura na sauti si ushahidi ikiwa ni wao waliokupigia. Wewe ndiye upige, kwa namba yako ya zamani.

---

mama_konteina

Marhaba mwanangu. Kijana wangu anaangalia sasa hivi. Lakini hata mimi sijawahi kulipa akaunti ya jina la mtu binafsi, nakataa, waniletee ya kampuni.

---

Kaunta Namba Tatu

Mama endelea hivyohivyo. Muuzaji wa kiwanda anayetaka pesa kwenye akaunti binafsi, au nchi isiyo ya kiwanda, mwulize mara tatu.

---

dogo_wa_Sinza

Wakuu mmenitisha, nikaingia cPanel ya ofisi usiku huu huu. Kwenye ukurasa wa kusambaza barua nimekuta imeili ya mauzo inapeleka nakala ya kila kitu kwenye Gmail moja yenye jina kama la jamaa aliyeacha kazi mwaka jana, ila ina namba mwishoni. Sijui ni yeye au siyo. Nifute?

---

Mzee wa Seva

Usifute kwanza. Piga picha ya skrini inayoonyesha hiyo anwani, na saa na tarehe zionekane. Pakua logi za kuingia kwenye imeili na cPanel, kama mwenye hostingi anazitoa, kwa sababu nyingine hujifuta baada ya siku chache. Mwandikie bosi kwa WhatsApp au kwa simu. Usitumie imeili hiyo, maana nakala itamfikia huyo unayemripoti.

Ukishakuwa na picha, futa usambazaji huo, halafu badilisha nywila ya cPanel kabla ya nywila za imeili. Ukianza na za imeili, mwenye cPanel anazirudisha apendavyo. Badilisha na ya akaunti ya domeni, kule mnakolipia kila mwaka, na uone imesajiliwa kwa imeili ya nani. Kama ni ya huyo aliyeacha kazi, hilo ni la kesho asubuhi saa mbili. Toa vifaa vyote vilivyoingia, na pitia vichujio vya kila sanduku moja moja, ukitafuta majina ya ajabu kama nukta au nafasi tupu. Kubadilisha nywila peke yake hakufuti kanuni zilizokwisha kuwekwa.

Kumshtaki jamaa kwa jina msifanye bado, hiyo Gmail mtu yeyote anaweza kuifungua kwa jina lake.

Halafu toa orodha ya wateja ambao mmewatumia invoisi na hawajalipa. Wapigieni simu mmoja mmoja, muwasomee namba ya akaunti yenu, muanze na anayedaiwa kiasi kikubwa.